Chumvi na Kifua cha Mume Wangu

Tarehe 2 Machi
Mvua imeanza, nami nimeanza kuandika. Binti yangu kanipa daftari lake la mwaka jana ambalo nusu yake ilibaki tupu. Kaniambia, "Mama, hofu zako ziandike humu, maana ukinisimulia mimi tunakosa usingizi wote wawili." Alikuwa akinitania, lakini kweli kasema.

Basi hofu yangu ni hii, na Mungu anaijua kabla sijapiga magoti: kifua cha mume wangu.

Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mimi niko chumba cha pasi. Yeye yuko chumba cha mashine, ndiye anayemimina klorini, ile dawa ya kung'arisha. Kwa sababu ya buti zake za mpira wenzetu humwita Kapteni, naye akiitwa hupiga saluti na sabuni mkononi. Kiangazi madirisha huwa wazi na ile harufu huenda zake. Masika msimamizi wetu huyafunga kwa ufunguo, eti matone yanarusha matope kwenye mashuka safi. Tunamwita Bibi Funguo. Hacheki. Sijawahi kumpenda, Mungu anisamehe.

Leo ameyafunga.

Tarehe 3 Machi
Mvua. Hakuna kilichokauka.

Tarehe 5 Machi
Kikohozi kimeanza. Mume wangu asema ni vumbi. Nikamuuliza vumbi gani, na nje ni mto mtupu? Akasema, "Vumbi la maneno yako."

Jioni binti yetu alitusomesha. Baba yake kamwita Profesa tangu akiwa darasa la kwanza na jina limemganda. Anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule, na kemia ndiyo inayomtoa jasho. Njia yake ya kusoma ni kutufundisha sisi. Asema kitu ambacho hawezi kunieleza mimi, basi hata yeye hajakielewa. Sijui nifurahi au nikasirike.

"Leo ni vifungo vya atomi," akasema.

"Vya miaka mingapi?" baba yake akadakia. "Na rufaa wamekata?"

"Baba! Sikiliza. Atomi ni vitu vidogo mno, kila kitu kimejengwa navyo. Nje yake kuna elektroni. Zile za nje zisipotimia, atomi haitulii, inatafuta mwenzake wa kuungana naye."

"Kama mama yako kabla hajanipata."

"Nilikuwa nimetulia kabisa," nikamwambia.

Profesa akaendelea. Kuna metali iitwayo sodiamu, laini hata unaikata kwa kisu, lakini ukiitia majini inawaka na kulipuka. Hiyo ina elektroni moja ya ziada. Halafu kuna gesi ya klorini, sumu tupu, na atomi yake imepungukiwa moja. Wakikutana, huyu anatoa na yule anapokea. Mtoaji anabaki chanya, mpokeaji anakuwa hasi, na hapo wanang'ang'aniana. Hicho ndicho kifungo cha ioni.

"Sasa niambieni, kinachotoka hapo ni nini?"

Akainua kikopo cha chumvi kilichokuwa mezani. "Hiki."

Nilikishika kile kikopo kana kwamba sijapata kukiona. Kinacholipuka na kinachoua, Mungu kavikutanisha, navyo vikatulia hata mtoto mchanga anaonjeshwa. Nikasema kwa sauti, "Vikali viwili, kumbe vikiungana vinatulizana!"

Mume wangu akauliza, "Ni klorini hii hii yangu?"

"Ndiyo, ila ile ya kwenye dumu imeshaungana na vitu vingine, kwa hiyo..."

Hapo paa likaanza kuvuja juu ya kitanda cha Profesa, tukakimbizana na ndoo na masufuria, na somo likaishia hapo. Nimeisali ile chumvi usiku huu. Ndiyo, naandika hivyo hivyo, nimeisali.

Tarehe 8 Machi
Kikohozi.

Tarehe 9 Machi
Kikohozi. Bibi Funguo kanikemea mbele ya wenzangu kwa shuka moja lililoungua ukingo.

Tarehe 11 Machi
Mashuka yamefanya ukungu. Mengine yamepata madoa ya kutu kutoka kwenye nyaya za kuanikia. Hospitali imeyarudisha. Bibi Funguo akaamuru klorini imiminwe maradufu, na madoa ya kutu yapakwe ile dawa ya kutu kabla ya kufua. Dawa zote mbili hutufikia kwenye madumu meupe yasiyo na maandishi yoyote; sisi tunazitofautisha kwa kamba, nyekundu ni dawa ya kutu, buluu ni klorini. Dawa ya kutu nayo ni kali. Tone moja liliwahi kunidondokea kidoleni, ngozi ikachubuka.

Mume wangu karudi nyumbani macho mekundu. Alipopanda ngazi tatu za mlangoni alisimama katikati, akajifanya anatazama mawingu.

Tarehe 12 Machi
Nimejikaza nikamwendea Bibi Funguo.

"Dada, naomba dirisha moja tu la chumba cha mashine. Kifua cha mume wangu si kizuri."

"Nifungue, mashuka yarudi tena, hospitali ituache, halafu wote humu tukae nyumbani tuhesabu matone?"

"Hata kidogo tu."

"Mama, mimi sikuileta mvua."

Akaondoka, funguo zinalia kiunoni. Nilimwombea. Ombi lenyewe sitaliandika.

Tarehe 14 Machi
Profesa katufundisha kifungo cha pili. Aliniita nikamshikie shuka tulikunje pamoja. "Usiliachie, Mama. Hivi tulivyo ndivyo kovalenti ilivyo. Hakuna anayetoa, hakuna anayepokea. Elektroni ni za wote wawili, na ukiachia wewe au nikiachia mimi, hakuna shuka lililokunjwa." Atomi za maji ndivyo zilivyoshikana, na hewa tunayovuta ndivyo ilivyo. Nilikipenda hiki kuliko kile cha kwanza. Nikasema hii ndiyo ndoa.

"Na metali?" nikamuuliza.

"Wale ni kijiji kizima, Mama. Kila mmoja ameachia elektroni zake zitembee kwa wote. Ndiyo maana pasi yako inapata moto haraka."

Mume wangu alikuwa kitandani ameuegemea ukuta. Analala ameketi siku hizi. Hakutania kitu. Nilipoona hatanii, hofu ikanishuka miguuni.

Tarehe 16 Machi
Tulipokuwa tukirudi, mimi na yeye chini ya mwavuli mmoja, akaniambia amefikiri.

"Ile klorini inaniua kwa kuwa iko peke yake."

"Usiseme inakuua."

"Inanikwaruza, basi. Sasa si Profesa alisema vikali viwili vinatulizana? Dawa ya kutu ni kali. Nikizitia pipa moja zipigane humo kwanza, mimi nitabaki na maji ya chumvi. Na kutu itatoka, na weupe utakuja. Kazi moja badala ya mbili."

Kwa nini sikumwambia amuulize mtoto? Nimejiuliza tangu tufike nyumbani. Ni kwa sababu nilifurahi. Nilimwona ana tumaini usoni, na nikadhani hili ni jibu la sala zangu limepitia kwenye kinywa cha binti yangu. Nikamwambia, "Mungu aliyevipatanisha vile atavipatanisha na hivi."

Hata hivyo nalala vibaya. Labda ni paa.

Tarehe 18 Machi
Maandishi haya yamepinda, yasinichekeshe baadaye.

Jana asubuhi nilikuwa napiga pasi foronya. Nilisikia pipa likiburutwa chumba cha mashine. Nikamsikia akiimba wimbo wa ibada, ule wa polepole, kisha wimbo ukakatika katikati ya neno. Si kikohozi. Kimya. Halafu sauti kama ya mtu anayezama.

Harufu ikafika. Ile harufu yetu ya kila siku, lakini ni kama imegeuka kuwa mkono na kunikaba. Kwenye uwazi wa chini ya mlango nikaona kitu kinaingia kikitambaa sakafuni, kijani kinachoelekea manjano, polepole, kama kitu kisicho na haraka.

Wenzangu walikimbilia nje. Mimi sikukimbia nje wala ndani. Nilisimama na pasi mkononi. Lazima niliandike hili kama lilivyokuwa. Mwanamume niliyemwombea kila siku alikuwa nyuma ya mlango ule anakufa, na miguu yangu ilikataa.

Aliyekwenda ni Bibi Funguo. Alichovya shuka kwenye ndoo, akajifunga usoni, akanisukuma pembeni akisema, "Toka hapo, mama, toka!" Akaingia. Nikasikia vioo vinavunjika. Alivunja yale madirisha yake kwa kiti, moja baada ya jingine. Kisha akatoka kinyumenyume amemshika Kapteni kwapani, anamburuta, buti moja limebaki ndani. Akamlaza nje kwenye mvua, kichwa juu ya mapaja yake, kisha mwenyewe akageuka akatapika.

Mume wangu alikuwa na midomo ya rangi ya majivu. Povu. Macho yake yalinitafuta yakanipata, na kwa macho tu akaniuliza: ni nini hiki?

Hospitali mganga aliniuliza alichanganya nini na nini. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo. Akasema mapafu yameungua kwa ndani, yanajaa maji, na siku mbili hizi ndizo zitakazoamua. Nikamuuliza ziamue nini. Mganga mwenyewe ni kijana tu. Akanishika bega.

Tarehe 19 Machi
Yu hai. Ana kinyago cha hewa. Kila pumzi inavutwa kama ndoo kutoka kisimani kirefu, nami nasubiri kuona kama kamba itafika juu.

Eee Mungu, zile pumzi nyingi zilizopita bila mimi kuzishukuru.

Tarehe 20 Machi
Yu hai.

Tarehe 21 Machi
Profesa aliniuliza kilichotokea nikamwambia mvuke ulimzidi. Akauliza mvuke wa nini. Nikasema sijui, mimi ni mtu wa pasi.

Leo mchana nimemkuta jikoni amesimama, sufuria linachemka bila kitu ndani.

"Mama, dawa ya kutu ni asidi?"

"Sijui mambo ya asidi."

"Ni asidi. Klorini ya kwenye dumu ukiitia asidi, gesi inatoka. Ile ile ya sumu. Baba amefanya hii kazi miaka yote hajawahi kuzichanganya. Kwa nini safari hii?"

Nilishika kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mama. Ni chumvi, siyo? Ni ile chumvi niliyowaambia."

Ningeweza kukana. Sikuwahi kumdanganya huyu mtoto, hata alipokuwa mdogo akiogopa sindano, na kuhusu mvuke nilikuwa nimeshamdanganya mara moja. Nikaendelea kufuta meza, na hilo likamjibu.

Hakulia. Alikusanya vitabu vyake vyote, akavifunga kamba, akavisukuma chini ya kitanda. "Mtihani sifanyi," akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema hataki chai.

Sasa naogopa nyumbani na naogopa hospitali, na njiani kati ya hapo naogopa pia.

Tarehe 24 Machi
Siku mbili za mganga zimepita na yu hai. Lakini homa imepanda. Wanasema mapafu yaliyoungua hushikwa upesi na maradhi. Kumbe kulikuwa na mlango mwingine wa kifo nyuma ya ule wa kwanza.

Profesa hataki kwenda kumwona. Asubuhi anafagia, anafua, anaponda viazi mpaka vinakuwa uji.

Tarehe 26 Machi
Bibi Funguo alikuja hospitali. Sauti yake haipo; amebaki na mnong'ono tu. Aliketi upande wa pili wa kitanda. Mikono yake ina mikwaruzo ya vioo.

"Dirisha uliniomba," akanong'ona.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, nimeyatunza tangu Machi kumi na mbili. Yote yaliondoka. Nikamwambia, "Wewe uliingia. Mimi nilisimama."

"Mimi nina mume? Nina mtoto? Kuingia kwangu kulikuwa rahisi."

Tukamkunjia shuka lake la ziada, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Huyu ndiye niliyekuwa nikimwombea lile ombi ambalo sikuliandika. Nalifuta.

Tarehe 29 Machi
Mvua. Homa haijashuka. Nimerudi kazini nusu siku. Profesa aliwahi kuniambia pamba na maji hushikana kwa vifungo vidogo dhaifu, vingi mno, ndiyo maana shuka halikauki upesi na ndiyo maana pasi yenye mvuke hunyoosha makunyanzi: moto unavikata, na shuka likipoa vinashikana upya mahali papya. Nilikuwa nikikumbuka hayo nikajikuta nalia juu ya foronya. Kila nilichokijua kwake kinaniuma sasa, na bado ni kizuri.

Tarehe 2 Aprili
Homa imeshuka. Sithubutu kuandika zaidi.

Tarehe 5 Aprili
Wamemtoa kinyago kwa muda. Anasema maneno machache, anapumzika, machache tena. La kwanza aliloniuliza: "Buti langu?"

La pili: "Profesa?"

Nikamweleza yote, kwa kuwa nimechoka kuficha. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwambie. Hakumaliza. Somo lake."

Tarehe 6 Aprili
Nilimpelekea maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anaosha vyombo. Aliosha sahani moja ileile mpaka nikaogopa itatoboka. Kisha akavaa viatu.

Alisimama mlangoni mwa wodi kama mgeni. Baba yake akapiga saluti.

"Maliza," akamwambia.

"Baba, nisamehe."

"Maliza kwanza. Kilichonipiga. Ni kifungo gani?"

Nilitaka kumzuia, mganga kasema asichoke. Lakini Profesa alikuwa ameshaketi kitandani. Alianza kwa sauti ndogo. Akasema klorini ya kwenye dumu ilikuwa imeshikwa na wenzake, asidi ikaifungua, na ilipofunguka haikukutana na sodiamu yoyote ya kuikata kiu, maana sodiamu ya mle ilishatoa elektroni yake zamani. Basi klorini ikakutana na klorini mwenziwe. Zikashikana mbili mbili, kila moja imechangia elektroni moja, jozi ni ya wote. Zikatoka hewani hivyo.

"Hiyo si ndiyo kovalenti?" nikauliza. "Ile ya shuka?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilidhani ile ndiyo njema."

"Haina wema wala ubaya. Inategemea ni nani na nani, na wamekutana na nini. Klorini mbili zikifika kwenye mapafu yenye unyevu zinaachana, zinanyang'anya kila kitu." Akashika pindo la shuka. "Nilipaswa kusema hivi siku ile. Paa lilivuja, nikasahau."

Baba yake alivuta pumzi yake ndefu yenye miluzi. "Kwa hiyo. Walioana wao kwa wao. Wakaja kunipiga mimi. Mpita njia."

Profesa akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na yote.

"Sikiliza," baba yake akamwambia. "Nani alimimina? Mikono hii. Kosa ni langu. Usininyang'anye. Wewe ulifundisha kweli. Mimi nilikwenda na nusu."

Na mimi nilikwenda na nusu hiyo hiyo, na juu yake nikaweka jina la Mungu. Nililisema hilo pale pale, mbele yao wote wawili, kwa kuwa nisingelisema leo nisingelisema kabisa. Mume wangu akanitazama. "Basi tuko wengi," akasema. Akarudishiwa kinyago.

Jioni nilisikia kamba ya vitabu ikikatwa kwa kisu.

Tarehe 15 Aprili
Yuko nyumbani. Mganga kasema chumba cha mashine asahau, na moshi, na kupanda milima, na kwamba mapafu yake hayatakuwa tena yale. Akikohoa nasimama. Akinyamaza nasimama pia. Amesema nitamchosha yeye kabla ya mapafu.

Tarehe 16 Aprili
Mvua.

Tarehe 22 Aprili
Alipata shida ya pumzi alasiri. Profesa alimkalisha mbele ya dirisha, akampepea kwa kitabu cha kemia. Ikapita. Mimi nilikuwa sakafuni nasali, na safari hii sikumwambia Mungu namna ya kufanya. Nilimwambia tu naogopa.

Tarehe 9 Mei
Leo ilikuwa karatasi ya kemia. Mvua ilikuwa nyepesi. Mume wangu aling'ang'ania kumsindikiza mpaka kwenye lango la nje, akaegemea nguzo mpaka alipopotea kwenye kona, akabaki pale pale. Nilimletea kiti. Nilikaa karibu naye nikijifanya nashona kifungo cha shati, lakini nilikuwa nasikiliza kifua.

Mchana Profesa akarudi, amelowa, wino kwenye kidevu.

"Vipi?" baba yake akauliza.

"Vilikuja. Swali zima. Elezeni aina za vifungo, toeni mifano."

"Umetoa mfano gani?"

"Chumvi. Maji. Waya wa shaba." Akafuta wino kidevuni. "Na gesi ya klorini."

"Hukuandika," akasema mume wangu, "kwamba ilimpiga mtu mzuri sana?"

"Nafasi haikutosha, Baba."

Akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha zamani, chenye mabega. Na kicheko kikageuka kikohozi. Profesa akamshika mkono, mimi nikamshika mgongo. Kikapanda, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Kikapanda tena. Tulisubiri. Kilichukua muda mrefu. Kikaisha, naye akainua uso, akavuta pumzi.